Breki Zilizotosha

Juzi kijana mmoja alinisimamisha pale njia panda ya Mwandiga, akanionyesha kwenye simu baiskeli yenye tairi nene na shokapu mbele na nyuma, imeundwa huko ilikoundwa kwa kazi moja tu ya kupita vichochoro vya milimani. Akaniuliza, "Mzee, enzi zenu hizi zilikuwepo?" Nikamjibu kwamba zilikuwepo, ila zenyewe zilikuwa hazijui kama ni za milimani, ikabidi tuzielimishe. Akacheka, akawasha pikipiki yake, akaondoka bila kusubiri maelezo. Basi nimeona niyaandike, maana mikono yangu imestaafu ufundi lakini mdomo bado unakwenda kazini kila asubuhi.

Shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza nikiwa nimeangalia dirishani. Nilikuwa na ndoto ya kulizunguka Ziwa Tanganyika lote kwa baiskeli, nitokee Ujiji na nirudi Ujiji, watu wanipigie makofi. Sikuwahi kumuuliza mtu kama kuna barabara. Ndoto zangu hazikuwa na tabia ya kuuliza barabara. Ndiyo maana nikawa fundi baiskeli: nilidhani mtu akikaa karibu na magurudumu, siku moja yatamchukua. Miaka yote ile yaliwachukua wateja.

Ninyi mliozaliwa baadaye hamkuiona miaka ya wakimbizi ilivyokuwa. Watu walishuka ufukweni kutoka Kongo na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, wengine walitokea Burundi kwa miguu. Katikati ya hayo akaja Mzungu mmoja na baiskeli ya safari ndefu, anatembea dunia kwa raha zake, anaelekea kulekule watu walikokuwa wanatoka mbio. Akafika mjini, akakaa siku tatu akiwatazama wanaoshuka, siku ya nne akapanda treni. Baiskeli akaiacha zahanati, akisema iwasaidie wagonjwa. Jinsi mgonjwa atakavyosaidiwa na baiskeli ya gia ishirini na moja hakueleza.

Daktari wa zahanati, mama mmoja mkali ambaye hata simu ikimpigia ilikuwa inaogopa, aliniletea ile baiskeli kijiweni kwangu Mwandiga.

"Fundi, hii inatakiwa ipande njia ya juu, ishuke mpaka ziwani. Vijiji vya kule gari haifiki."

"Boti yenu je, Daktari?"

"Boti imeazimwa kubeba wanaofika. Haijulikani itarudi siku gani. Surua imeingia kwa watoto wa wageni kule ufukweni, na chanjo ninayo kwenye friji ya zahanati. Ikitoka alfajiri ndani ya boksi la barafu, barafu inafika adhuhuri, haiongezi hata dakika. Mtu wa miguu anafika alasiri."

"Anafika na maji ya uvuguvugu."

"Umeelewa. Ijumaa asubuhi iwe tayari."

Ile ilikuwa Jumatatu. Nikaikagua ile baiskeli kama mtu anayeposa. Fremu ya chuma chepesi, unainyanyua kwa mkono mmoja. Baiskeli zetu nyeusi za Kichina zilikuwa nzuri kwa kubeba magunia, lakini mlimani unazisukuma wewe, unakuwa umezisindikiza. Hii ilikuwa na gia ndogo ya kupandia mpaka ukutani. Matatizo yake yalikuwa mengine. Tairi zake zilikuwa nyembamba kama kidole gumba. Usukani ulikuwa umepinda kama pembe za kondoo, ukiushika unatazama chini kama mtu aliyefiwa. Vishikio vya gia vilikuwa chini kwenye bomba la fremu, ukitaka kubadilisha gia unaachia mkono mmoja, jambo linalowezekana kwenye lami. Na juu ya magurudumu kulikuwa na madigadi mawili yanayong'aa, zile bati za kukinga tope, nikayapenda mno.

Bahati ni kwamba ndani ya mikoba yake nilikuta tairi mbili nene zenye meno, zimekunjwa. Mzungu alizibeba kutoka kwao mpaka Kigoma bila kuzivaa hata siku moja. Aliyeiunda ile baiskeli alikuwa ameacha nafasi, kwamba ukitaka unaivalisha nyembamba, ukitaka nene. Nikaivalisha nene. Madigadi nikayaacha palepale kwa sababu ya uzuri wake.

Jumanne ikanyesha mvua. Nikaijaribu kwenye njia ya mashambani, sikufika hata hatua hamsini. Tope likapanda na tairi, likajaa chini ya digadi, gurudumu likagoma kama punda. Nikabeba baiskeli begani kurudi kijiweni, watu wananiuliza nani kambeba nani.

Pale kijiweni nikamkuta Mzee Zuberi wa Kasingirima, aliyenifundisha kazi. Alikuwa ameshaacha ufundi kwa ajili ya macho, lakini alikuwa anakuja kunikagua kama mwenye nyumba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hilo tope umelinunua wapi?"

"Limejaa kwenye digadi, Mzee."

"Basi umemvalisha mtoto viatu na soksi tatu. Toa hizo bati."

"Lakini zinapendeza."

"Zinapendeza. Muoe basi."

Akanifundisha jambo ambalo nawapa na ninyi bure: kati ya tairi na fremu, kidole chako cha kati kipite bila kugusa popote. Kisipopita, njia yenye tope itakukumbusha. Kisha akaniambia niinyanyue baiskeli mpaka usawa wa goti, niiachie ianguke kwa magurudumu yake. Alikuwa akizipima hivyo zote, kwa sikio. Kikilia kitu kimoja, panda. Vikilia viwili, usipande mpaka ukipate cha pili. Siku hiyo vililia viwili. Cha pili kilikuwa nati ya keria iliyolegea.

Usukani wa pembe nikautoa, nikaweka ulionyooka kutoka kwenye baiskeli iliyokufa. Ulikuwa mwembamba kidogo, nikauzungushia kipande cha tyubu ukakaza. Vishikio vya gia nikavipandisha juu karibu na dole gumba kwa kutumia vile vifungo vya mpira wa maji. Waya zikawa fupi, nikachukua za pikipiki. Boksi la chanjo sikuliweka juu ya keria. Wengi hukosea hapo: mzigo wa juu kwenye mteremko unataka kushuka kabla yako. Nikalifunga chini, ubavuni mwa gurudumu la mbele, na upande wa pili nikaweka dumu la maji liwe mizani.

Alhamisi akaja mwanaume mrefu, mpole, suruali imepigwa pasi mpaka unaogopa kuisogelea. Alikuwa anaitwa Papa Faida, muuguzi kutoka ng'ambo ya Kongo, amefikia kwa ndugu zake Katonga. Zahanati ilimchukua kwa sababu kule ufukweni nesi alikuwa mmoja tu, Nesi Asteria, na watoto walikuwa wengi kuliko mikono yake. Mimi sikuambiwa atakayekuja. Nilikuwa nimeinama napaka grisi.

"Yambo, fundi. Niko natafuta kinga."

Nikafurahi. Hatimaye mtu anayethamini madigadi.

"Kinga zipo, kaka. Ya mbele na ya nyuma." Nikamkabidhi zote mbili, nimezifuta vizuri.

Akazitazama, akanitazama. "Daktari alisema kinga iko moja."

"Zinakwenda mbilimbili."

"Na mimi nitapanda juu ya hizi?"

Muuza kahawa jirani yangu akacheka mpaka birika likamwagika. Kumbe kwao kinga ni baiskeli. Tukacheka wote watatu, nikamletea kinga yake yenyewe. Ningekuwa na akili siku hiyo, ningejiuliza: kama neno moja limenipeleka kwenye madigadi, mengine yatanipeleka wapi? Sikujiuliza. Nilikuwa nimeridhika na kazi yangu, na fundi aliyeridhika masikio yake yanakuwa ya pambo tu.

Akaipanda, akazunguka kijiwe mara mbili, akafunga breki, akashuka. Akainama kwenye gurudumu, akakwaruza kwa kucha raba za breki, zile zinazobana ringi. Zilikuwa zilezile alizokuja nazo Mzungu.

"Fundi, hizi raba tosha."

Niseme nini? Nilivimba. Mtu mrefu kama yule, muuguzi, anasifu breki zangu.

"Ahsante sana, Papa Faida."

"Zote ine, tosha."

"Zote nne!" Nikachukua spana, nikakaza nati zake zaidi kwa heshima yake, nikafuta mikono. "Tayari. Zimetosha!"

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Tukaagana kama watu walioelewana.

Ijumaa alfajiri Daktari mwenyewe akafunga boksi. Akasema mimi nifuate nyuma na baiskeli yangu nyeusi na mfuko wa spana, kwa sababu haamini kitu kilichotengenezwa na mtu anayecheka ovyo. Kabla ya kuondoka nikapunguza upepo kwenye tairi za Papa Faida, mpaka ukibonyeza kwa dole gumba linaingia kidogo. Akashangaa. Nikamwambia tairi ngumu kwenye mawe inadunda kama mpira, laini kidogo inayashika. Hilo nilikuwa nalijua. Mtu hakosi kila kitu.

Kupanda, alinidhalilisha. Amekaa kwenye siti, miguu inazunguka haraka kama anasaga nafaka, anapanda bila kuhema. Mimi nasukuma ya kwangu, jasho linaingia machoni. Kila akifika kileleni ananisubiri na kusema, "Pole, fundi," kwa sauti safi kabisa ya mtu ambaye hajachoka. Boksi lilikuwa linagonga taratibu ndani, godo, godo, barafu kwa barafu. Ilikuwa haijafika hata saa nne, na ziwa lilikuwa limeshaonekana chini. Nikaanza kuota kama kawaida yangu: tunaingia kijijini, watoto wanatupokea kwa nyimbo, Nesi Asteria anauliza nani aliyeitengeneza hii baiskeli.

Ndipo njia ikaanza kushuka.

Njia ile nyembamba inashuka katikati ya migazi, ndiyo michikichi ya kwetu, upande mmoja korongo. Alikuwa mbele yangu kama hatua thelathini. Nikaona mgongo wake unanyooka, kisha viwiko vinatoka nje, kisha kasi inaongezeka.

"Fundi! Breki haikamati!"

"Bana zote mbili!"

"Nimebana! Si nilikuambia tosha?"

"Na mimi si nilikuambia zimetosha?"

"Ulitosha nini sasa? Ziko hapahapa!"

Kwa kweli ile siyo nafasi ya kujifunza lugha, lakini nilijifunza palepale. Raba zile zilikuwa zimekaa miaka zikakauka, ngumu kama jiwe la mto. Kijiweni kwangu, mahali tambarare, bila mzigo, zilishika. Mlimani na boksi na dumu zilikuwa zinaipangusa ringi tu. Naye alikuwa amezijua kwa ukucha mmoja.

Mbele njia ilikata kona juu ya korongo. Kabla ya kona, upande wa mlimani, palikuwa na mahali wanapokamua mawese, na pembeni lundo kubwa la makapi ya mafuta na vikonyo vya mikungu, limekaa siku nyingi, linanuka na kuteleza. Papa Faida hakupiga kelele tena. Nikamwona anaunyoosha mbele mguu wa upande wa boksi, analikinga boksi nao, halafu anaigeuza kinga yake kuelekea lundoni kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Lilimmeza mpaka kiunoni.

Akina mama wawili waliokuwa wanakamua wakasimama na mikono yao myekundu. Mkubwa wao, Mama Zaina, mwenyeji wa pale ambaye wazee wake nao walitoka ng'ambo, akasema, "Yoo! Huyu amekuja kununua au kuogelea?"

"Mama, shikamoo," akasema Papa Faida kutoka ndani ya lundo. Suruali ile ya pasi sitaki kuizungumzia. "Tafadhali, boksi kwanza."

Tukalivuta boksi. Mimi nikashika kifuniko.

"Usifungue!" Ndiyo mara pekee niliyomsikia akifoka. "Ukifungua, unaingiza jua mule."

Akaliinua, akalitikisa kidogo karibu na sikio. Wote wanne tukatega masikio, hata Mama Zaina. Maji yakacheza, chubwi. Halafu, ndani ya maji, godo. Akatikisa tena. Godo. Barafu ilikuwa imebaki, lakini sasa ilikuwa na nafasi ya kuogelea.

"Tuko na saa moja," akasema. "Labda na nusu."

Nikaanza kumwomba radhi, nikajichanganya, nikamwambia angesema toa. Akasema alisema tosha. Nikamwambia tosha ni inatosha. Mama Zaina akashika kiuno.

"Wewe fundi, kwao kutosha ni kutoa. Tosha viatu, vua viatu. Hata marehemu bibi yangu alikuwa anasema hivyo. Umekaa Kigoma miaka yote unasikiliza nini?"

"Nilidhani ananisifia, Mama."

"Akusifie kwa lipi?"

Muda wa kutafuta jibu haukuwepo. Breki za baiskeli yangu nyeusi zilikuwa za vyuma, haziingiliani na za Mzungu. Korongo bado lilikuwa linatusubiri na mteremko ulikuwa haujafika hata nusu. Papa Faida alikuwa ameshaanza kulifungua boksi kwenye baiskeli ili alibebe kichwani.

"Kwa miguu utafika saa ngapi?" nikamuuliza.

"Nitakimbia."

"Na hilo goti?" Maana lilikuwa linavuja damu.

"Nitakimbia na goti."

Nikakaa chini nikavua makatambuga yangu. Yalikuwa mapya, yamekatwa kwenye tairi la lori, nimeyavaa Ijumaa ile kwa mara ya kwanza. Raba ya tairi la lori ni laini kuliko inavyoonekana na inashika hata chuma chenye maji. Nikamwomba Mama Zaina kisu chake cha kukatia mikungu. Zile raba ngumu nikazigonga zikatoka kwenye vyuma vyake, nikakata vipande vinne vya katambuga vya kipimo kilekile, nikavishindilia kwa jiwe. Ringi nilizipangusa kwa mchanga kutoa mafuta, kwa sababu lundo lilikuwa limezipaka vizuri kuliko ningeweza mimi. Kisha nikaziweka raba karibu sana na ringi, nafasi ya unene wa kadi ya kliniki, si zaidi. Mbele ya macho yake, nikamwonyesha moja moja.

"Hii nimetosha. Hii nimetosha. Hii nimetosha. Na hii."

"Sasa unasema kama mutu," akasema.

Akashuka. Kila kona nilikuwa nasikia raba zikilia, na kila zikilia moyo wangu ulikuwa unatulia kidogo. Mimi nilifuata nikiwa peku, pedeli za chuma zinanichoma nyayo. Mambo ya breki nimewafundisha vijana wengi tangu siku ile, na la kwanza nawaambia hivi: usizipime mahali pazuri. Zipakie mzigo, zipeleke kwenye mteremko mbaya kuliko wote unaoujua, ukiwa na njia ya kuangukia. La pili, mteja akisema neno, mwombe aoneshe kwa kidole anataka nini kifanyike. Hata kama mnatoka kijiji kimoja. Hata kama anakusifu. Hasa kama anakusifu.

Tulifika ufukweni jua likiwa karibu na utosi. Watoto na mama zao walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha turubai, kimya. Kimya chao ndicho kilichonishtua. Wa kwetu hawakai hivyo. Hawa walikuwa wamezoea kuambiwa wasipige kelele, mpaka wakasahau kwamba sasa wanaruhusiwa. Hakuna aliyetuimbia. Mmoja alitazama miguu yangu, akamwonyesha mwenzake.

Nesi Asteria hakuuliza nani ametengeneza baiskeli. Alimnusa Papa Faida mawese, akafunua boksi, akaingiza vidole. Tukamwangalia uso. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha barafu, kikubwa kama sabuni iliyotumika wiki nzima.

"Bado baridi," akasema. "Nawa mikono, njoo huku. Na wewe wa miguu mitupu, nishikie watoto."

Basi nikawashikia. Wa kwanza, binti wa miaka minne hivi, alinifuata vizuri mpaka alipoiona sindano. Akang'ata kidole changu, akachomoka, akakimbia kando ya maji. Wenzake wakaelewa habari, wakatawanyika wote. Mimi fundi mzima, niliyehatarisha shingo ya mwenzangu na makatambuga yangu kwa ajili yao, nikaanza kuwafukuza mchangani, peku, huku wakinikwepa kushoto na kulia, na Papa Faida akinilalamikia kwamba nawaacha walio wadogo watoroke.

Nikamdaka yule binti mwishowe, nikampakata. Akanipiga teke la tumbo. Papa Faida akamshika mkono taratibu, akamwambia kwa lugha yao maneno nisiyoyaelewa, na safari hii nikauliza maana yake. Akasema, "Nimemwambia alie tu, vile anavyotaka."

Sindano ikaingia. Akalia. Akalia kwa nguvu zake zote, mdomo wazi, machozi mpaka kidevuni, analilia sindano tu na siyo kitu kingine chochote duniani, kama anavyolia mtoto yeyote wa Kasingirima au Katonga. Mama yake, aliyekuwa amekaa pale tangu tufike uso umekaza kama ubao, akaziba mdomo kwa khanga. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani naye analia, nikaanza kutafuta neno la kumwambia.

Alikuwa anacheka.